Kisasi cha Diski Mbili

Mama mdogo wangu anafuga kinyongo kama wengine wanavyofuga kuku. Anakilisha, anakinywesha, na kikinona hakichinji. Alipokuwa msichana wa shule ya msingi kuna mwenzake alimvunjia rula. Mpaka leo wakikutana sokoni, yule mwenzake akiwa na mjukuu mgongoni, mama mdogo humsalimia vizuri, humjulia hali ya nyumbani, kisha humuuliza, "Na rula yangu je?" Nilidhani ni utani mpaka siku nilipomtazama machoni.

Ninaishi naye kwa sababu nyumba yake iko karibu na shule yangu. Yeye ni kitinda mimba wa bibi, na bibi pia yuko hapo hapo, chumba cha ndani, ambako anasikia kila kitu na kukitolea maoni. Kazi ya mama mdogo ni kudarizi, ndiyo maana mtaani wanamwita Bi Sindano. Alianza kwa mkono, akipamba foronya na mashuka, mpaka macho yakaanza kumuuma akanunua mashine. Sasa sebule yetu si sebule tena. Mashine imekaa palipokuwa na kochi, nyuzi zimejaa rafu nzima ya ukutani, na ukikaa bila kuangalia unainuka na sindano. Mgeni akija anakaribishwa jikoni.

Nilipohamia kwake nilikuwa nauliza maswali mengi kiasi kwamba akanibandika jina la Bi Kwanini. Nilidhani mashine inadarizi yenyewe, unaiambia "nembo" inakutolea nembo. Akanivutia kiti mbele ya kompyuta, akanionyesha. Kila pambo lina mafaili mawili. La kwanza ni picha: ua, herufi, chochote kile. La pili ni mishono: sindano ianzie wapi, ielekee wapi, uzi upi utangulie na upi uje juu yake. Faili la picha linajionyesha kwenye skrini, unaliona ua lenyewe. Faili la mishono halina sura, linakaa tu kama kikaratasi cheupe.

"Picha anaweza kupiga hata mwenye simu," aliniambia. "Mimi kazi yangu ni hiki kikaratasi cheupe."

Fahari yake kubwa ilikuwa nembo ya shule yangu: ndege aliyekunjua mbawa juu ya kitabu kilichofunguliwa. Alihangaika na zile mbawa muda mrefu, kwa sababu uzi ukiulaza wote upande mmoja manyoya yanalala kama majani yaliyonyeshewa. Alipomaliza, ukiligeuza sweta juani unaona mbawa zinapumua. Kila sweta la shule yetu lilitoka sebuleni kwetu. Nilikuwa nikitembea uwanjani naiona kazi ya mama mdogo kwenye kifua cha kila mtu, hata wale tusiosalimiana.

Alikuwa na shoga yake wa kufanya naye kazi, Madoido. Tulimwita hivyo kwa sababu hata akikuomba maji ya kunywa anakuomba kwa mikogo. Madoido alipokea wateja, alikata nyuzi zinazoning'inia, alipiga pasi na kufunga mizigo. Kiti chake kilikuwa dirishani. Na alikuwa na maradhi yake: kufagia. Hawezi kuona kitu kimezagaa, iwe sakafuni, iwe mezani, iwe kwenye skrini ya kompyuta. Akiona vimajina vingi anavifuta. Mama mdogo analazimika kwenda kuchakura kwenye pipa la kompyuta, lile ambamo vitu vilivyofutwa vinakaa kwanza, anavitoa kimoja kimoja huku anagomba. Madoido anacheka.

"Mwenzangu, vitu vya kompyuta havipotei. Utazeeka kabla ya siku zako."

Kisha bibi akaugua, akalazwa. Mama mdogo akahamia hospitali kumuuguza, mimi nikarudi kwetu maana ilikuwa likizo, funguo akamwachia Madoido. Tuliporudi na bibi, kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Kompyuta ilikuwa inawaka, safi, haina kitu. Akafungua pipa. Pipa nalo jeupe. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na duka jipya la mapambo lenye kioo mbele, na ndani ya kioo, kwenye sweta la shule yangu, ndege wetu amekunjua mbawa. Tukaja kusikia pia kwamba mwalimu wa stoo, anayesimamia sare pale shuleni, ameambiwa Bi Sindano ameacha kazi kwa sababu ya matatizo ya nyumbani.

Mama mdogo alivuka barabara akiwa bado na mfuko wa hospitali begani. Mimi nyuma.

Madoido hakushtuka. Alikuwa anapiga pasi. "Nilikuwa nafagia, mwenzangu. Si unanijua? Bahati mbaya."

"Na pipa?"

"Pipa nalo lilikuwa limejaa."

Mama mdogo alimtazama kama anayepima kitambaa. Halafu akarudi nyumbani, akachomoa waya wa kompyuta ukutani kwa nguvu mpaka plagi ikatoa cheche, akatangaza kwamba atakayeigusa ile kompyuta atamjua yeye ni nani. Basi ikakaa vile, imezimwa, inapigwa vumbi.

Yeye akarudia sindano ya mkono. Akakisogeza kiti chake mpaka akawa anatazamana na duka la Madoido, akawa anatoboa kitambaa kama vile kina kosa naye. Alitaka vitu viwili tu duniani: ndege wake arudi kabla ya masweta ya wanafunzi wapya, na Madoido alie.

"Mwanangu," bibi aliita kutoka ndani, "hiyo kompyuta imekukosea nini? Si ungemchomoa Madoido?"

"Zamu yake inakuja, mama."

Mimi nami nilikuwa na shida zangu. Nilikuwa na kazi za shule za kuchapa. Na hata kabla ya ugomvi, ile kompyuta ilikuwa kichefuchefu: unaiwasha, unakwenda kuoga, unarudi bado inajikuna. Shuleni nilikuwa nimesikia kwamba dawa ni kubadilisha diski tu, unatoa ile ya zamani unaweka SSD. Nilitamani sana kujua tofauti yake ni nini. Lakini ukimwambia mtu mwenye hasira habari za diski utapigwa na fremu ya kudarizia. Nikatafuta mlango mwingine.

"Mama mdogo, hivi utamlipizaje kisasi na kompyuta imezimwa?"

Sindano ikasimama hewani. Jioni ile ile tuliifunga kompyuta kwenye shuka, tukampelekea Fundi Bisibisi.

Fundi Bisibisi anatengeneza kompyuta kwenye kichumba kilicho chini ya ngazi, mahali ambapo ukisimama vibaya unagonga kichwa. Yeye amekwisha kupinda shingo kabisa. Skrubu zake anaziweka kwenye vizibo vya soda, na katikati ya kuongea na wewe anaweza kupiga magoti kutafuta moja iliyodondoka, maongezi yakaendelea kutokea chini ya meza.

"Shikamoo fundi," nilisema.

"Marahaba. Leo unauliza nini?"

"SSD na ile ya zamani, ipi inafaa kwa kompyuta ya nyumbani?"

Alifurahi kama nimemwuliza habari za watoto wake. Akachukua diski mbovu, akaifungua kifuniko. Ndani mlikuwa na sahani inayong'aa kuliko kioo, nikaiona pua yangu mwenyewe. Juu yake kulikuwa na kimkono chembamba chenye ncha.

"Hii ndiyo ya zamani, ya sahani. Sahani inazunguka, kimkono kinatafuta. Ndiyo maana inakoroma, na ndiyo maana mnangoja. Ikianguka huku inazunguka, kwisha habari. Lakini ina nafasi tele, na kwa bei haikuumizi." Akachukua kingine, chepesi kama kadi. "Hii SSD. Hakuna kinachozunguka humu, ni chipu tupu. Unawasha, hujakaa vizuri iko tayari. Ukiitikisa haijali. Ila ikifa haikohoi kwanza. Ya sahani itakukwaruzia siku kadhaa uone dalili. Hii inalala nzima, asubuhi maiti."

Mama mdogo alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani. "Na ukifuta kitu?" aliuliza.

"Kufuta vipi?"

"Kufuta. Umefuta na pipa umemwaga."

Fundi akakuna shingo iliyopinda. "Hapo ndipo zinapoachana. Ya sahani ukifuta, hata ukimwaga pipa, yenyewe inang'oa jina tu. Ni kama mtu ameng'oa kibao cha mlangoni. Waliomo ndani bado wamo, mpaka aje mwingine ahamie juu yao. Ukiniwahi kabla hujaandika kitu kingine, nakurudishia. SSD sasa, hiyo ina usafi wa kupitiliza. Ukishafuta na kumwaga pipa, yenyewe inakwenda kukiosha chumba ili mgeni akija akikute tayari. Hupewi hata taarifa. Ukija kwangu baada ya hapo, ninachoweza kukupa ni pole."

Mama mdogo akaingia ndani. Akagonga kichwa kwenye ngazi, hata hakujali. "Kompyuta hii haijawashwa tangu siku nilipokuta imefutwa."

"Haijawashwa kabisa?" Fundi aliishika kwa mikono miwili kama mtoto mchanga. "Nani alikushauri?"

"Hasira."

Kesho yake nilipotoka shule niliwakuta wote wawili wameinama mbele ya skrini. Majina yalikuwa yanarudi, moja baada ya jingine, mengine yamekatika vichwa, mengine mazima. Maua ya foronya. Herufi. Nikaona vikaratasi vyeupe. Fundi akafungua kimoja, na mstari wa mishono ukaanza kujichora: shingo, mgongo, kisha zile mbawa, unyoya mmoja mmoja, kila mmoja na upande wake. Mama mdogo hakucheka wala hakulia. Alinyoosha kidole akagusa ubawa kwenye kioo cha skrini.

"Huyu hapa," alisema kwa sauti ndogo.

Pengine mambo yangeishia pale. Lakini Fundi Bisibisi ni mtu wa kuongea, na kazi ikimwendea vizuri anaongea zaidi. "Hata huyo jirani yenu wa ng'ambo, mwenye duka la mapambo, ana diski ya sahani kama hii. Nimeshamrudishia vitu mpaka nimechoka. Anafagia yule mama! Anafuta, anamwaga na pipa, halafu huyo, anakuja mbio."

Mama mdogo aliondoa kidole kwenye skrini taratibu.

"Anatumia ya sahani?"

"Ya sahani, tena inakoroma kuliko yenu."

Ndipo nilipoona meno ya mama mdogo kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Hayakuwa meno ya furaha, lakini yalikuwa yote nje.

Njiani nilimwuliza kwa nini tusiende moja kwa moja kwa mwalimu wa stoo na ndege wetu. Alinitazama kama nimeshika sindano kwa ncha.

"Nikienda leo, Madoido atasema tulichora wote. Tutabishana, kila mtu na ndege wake. Sitaki kubishana naye. Nataka aje mwenyewe, kwa miguu yake, avuke ile barabara."

Akanunua SSD kwa ajili ya kazi za kila siku, na ile ya sahani hakuitupa. Fundi aliiweka kwenye kisanduku chenye waya, unaichomeka ukitaka, na kila alichodarizi mama mdogo kikawa na nakala humo. Kompyuta sasa ilikuwa inawaka kabla hujavuta kiti. Nilichapa kazi zangu zote za shule kwa jioni moja, nikabaki sina kisingizio cha kuchelewa. Lakini lile boksi la SSD, boksi tupu, mama mdogo alilisimamisha dirishani, maandishi yakiangalia barabara. Kisha akanituma ng'ambo kununua uzi mweupe ambao tulikuwa nao rafu nzima.

"Mwambie tu kilichopo," aliniagiza. "Usimwongopee hata kidogo. Mtu wa kuiga haongopewi, anaonyeshwa."

Madoido alikuwa mbele ya kompyuta yake, anangoja iwake. "Karibu, Bi Kwanini. Bi mkubwa wako bado kanuna?"

"Shikamoo. Hajanuna, amenunua SSD."

"Ndiyo mdudu gani huyo?"

"Diski mpya. Kompyuta inawaka kabla hujakaa. Haipigi kelele wala nini." Nikageukia yake. "Yenu bado ile ya kukoroma?"

"Nani kakwambia inakoroma?"

Wakati ule ule ikakoroma. Nilikodoa macho kwenye uzi mweupe ili nisicheke. Madoido alichungulia dirisha letu, akaliona boksi, akasonya. "Bi Sindano na SSD! Ya kuwekea nini, foronya?"

Sikuwa nimesema uongo hata neno moja, na hilo ndilo lililonifanya nirudi nyumbani nikirukaruka.

Haikuchukua siku nyingi. Fundi alipita kwetu akatuletea habari mwenyewe, kwa mshangao: Madoido amenunua SSD, tena kubwa kuliko yetu. "Nimemwambia aiweke ile ya zamani iwe ya nakala, kama mlivyofanya nyinyi. Nimemwambia mara mbili, na kuhusu kufuta nimemwonya. Ananiambia yeye si mtu wa kutunza makorokoro. Ameniachia diski nimpunguzie bei. Vitu vyake nimevihamishia kwenye mpya, ile ya zamani nimeisafisha, nimeshamfungia mteja mwingine."

"Amekosea," mama mdogo alisema, akauma uzi akaukata.

Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Sijawahi kuona mtu anangoja kwa raha namna ile. Alikula vizuri. Alilala mchana. Aliimba, na mama mdogo haimbi. Kila alipopita dirishani alitupa jicho ng'ambo kama mtu anayechungulia sufuria jikoni. Mimi nilikuwa nauliza, "Kama akikaa bila kufagia je?" Na bibi anajibu kutoka ndani, "Yule? Siku asipofagia atawashwa mwili mzima."

Jumamosi ambayo mwalimu wa stoo alikuwa aende dukani kwa Madoido kuangalia nembo ya masweta mapya, sisi tulikuwa dirishani kabla hajafika. Tulimwona akiingia, tukamwona Madoido akimgeuzia skrini kwa mikogo, tukamwona mwalimu akiitikia kwa kichwa na kuondoka ameridhika. Nikahuzunika. Mama mdogo aliendelea kushona.

Mchana Madoido akafungua mzigo wa masweta, akalifunga la kwanza kwenye fremu, akaenda kwenye kompyuta. Akainama. Akainama zaidi. Mashine yake, ambayo kwa kawaida tunaisikia mpaka kwetu, haikulia. Muda si muda Fundi Bisibisi akapita mbio na mfuko wake wa vifaa. Alikaa mle ndani mpaka kivuli cha duka kikafika katikati ya barabara. Alipotoka alikuwa anatingisha kichwa, na shingo ile iliyopinda ilimfanya aonekane kama anakataa kitu kilichoko chini.

Mama mdogo aliweka kitambaa chini. "Imeosha," alisema.

Madoido angeweza kuja siku ile. Hakuja. Picha ya ndege alikuwa nayo, kwa hiyo akaiacha kompyuta ikisie mishono yenyewe kutokana na picha, na kompyuta ikakisia. Wiki iliyofuata wanafunzi wapya walifika shuleni na masweta yao. Tulikuwa mstarini. Msichana mmoja nyuma yangu akasema, "Jamani, mbona wao wamepewa kuku?"

Nikageuka. Mbawa zote zilikuwa zimelazwa upande mmoja, zimeshuka, zimevimba. Shingo ilikuwa fupi. Kitabu kilikuwa kimegawanyika vipande viwili vyekundu. Alikuwa kuku, wala hakuna ubishi, kuku ameatamia matofali. Mstari wetu wote ukaanza kucheka, kimya kimya kwanza, halafu mtu mmoja akatetea "ko-ko-ko" na shule nzima ikaanguka. Vitoto vya watu vikawa vimefunika vifua kwa mikono. Mwalimu wa stoo alisimama pembeni, uso umemwiva, anamtazama yule kuku kama ametagwa mezani kwake.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nahema. Kabla sijamaliza kusimulia, mlango ukagongwa.

Madoido alikuwa amebeba masweta mpaka kidevuni. Hakuwa na mikogo. Alisimama kizingitini, akitafuta pa kutua mzigo.

"Hodi."

"Karibu," mama mdogo alisema, na hakuinuka. "Karibu jikoni. Hapa ni kwa wenye kazi."

"Mwenzangu, nimekwama."

"Umekwamaje?"

Madoido akasimulia huku anatazama sakafu. Asubuhi ile mwalimu wa stoo alipokuwa anakuja, mapambo yote yalikuwa bado kwenye folda yenye jina la Bi Sindano, vile vile yalivyotoka kwetu. Aliogopa mwalimu asije akaliona jina. Kwa hiyo alimtoa ndege, akampa jina la duka lake, na ile folda akaifuta, akamwaga pipa, na flashi anayobebea kazi kwenye mashine nayo akaifagia. Alichokitoa ni ile picha inayoonekana. Vile vikaratasi vyeupe aliona uchafu tu.

"Bisibisi hakukurudishia?" mama mdogo aliuliza, kwa upole ambao ulinisimamisha nywele.

"Anasema diski hizi mpya hazirudishi."

"Haiwezekani. Vitu vya kompyuta havipotei. Si ndivyo ulivyokuwa unaniambia? Nitazeeka kabla ya siku zangu."

Ndipo mama mdogo alipobonyeza kompyuta, ikawaka pale pale, na ndege akajichora mbele yetu, unyoya kwa unyoya. Nilikuwa namwangalia Madoido. Macho yakamjaa machozi.

"Unaye," alisema.

"Ninaye tangu zamani. Tangu kabla hujanunua SSD yako."

Nafikiri alielewa pale. Alitazama boksi dirishani, akanitazama mimi, akamtazama mama mdogo. "Ulijua nitanunua."

"Nilijua utafagia."

"Nisaidie, dada. Shule imenipa muda mfupi. Nipe huyo ndege, nitafanya chochote."

Mama mdogo alichukua simu, akampigia mwalimu wa stoo, akaiweka mezani sauti ikiwa juu. "Mwalimu, shikamoo. Niko na Madoido hapa. Ana jambo la kukwambia kuhusu yule ndege, ni wa nani."

Tukasikia mwalimu anapumua kwenye simu. Madoido akasema. Alisema yote, la hospitali, la funguo, la pipa, na sauti yake ilikuwa inapungua kila neno. Mwalimu hakugomba. Aliuliza tu, "Bi Sindano, masweta utaweza kuyarudia?" Mama mdogo akajibu kwamba ataweza, yeye na mashine yake, na kuanzia sasa kazi ya shule itatoka sebuleni kwake kama zamani.

Madoido alijifuta macho akaanza kuelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" mama mdogo alimwuliza. "Siwezi kumweka ndege juu ya kuku. Kuku lazima atoke kwanza. Kiti chako kiko pale pale."

Alisogeza lile boksi tupu, akafungua dirisha mbele ya kile kiti, mapazia akayafunga fundo juu. Madoido akakaa. Akatoa mkasi wake mdogo wa kufumulia, akaanza kuku wa kwanza. Kufumua nembo iliyodariziwa na mashine ni kazi ya kunyofoa uzi mmoja mmoja bila kutoboa sweta, na kila aliyepita barabarani alimwona. Wengine walisimama. "Eh, Madoido! Umerudi kazini?" Wanafunzi walipotoka shule jioni waliwika pale dirishani. Alikuja siku iliyofuata, na nyingine tena. Mama mdogo hakumtukana hata mara moja. Alimpa chai. Alichukua kila sweta, akalinyoosha kwenye mwanga, na likiwa na uzi mwekundu hata wa kipande cha kucha alimrudishia mapajani.

"Inatosha sasa, mwanangu," bibi alisema kutoka ndani.

"Bado mawili matatu, mama."

Sweta la mwisho lilipotoka safi, Madoido alikaa kidogo, vidole vimemvimba. "Basi yameisha, dada?"

Mama mdogo alikuwa anamfunga ndege kwenye fremu, hakugeuka. "Masweta yameisha."

Madoido alisubiri, kama kuna kingine kitafuata. Hakikufuata. Aliaga akavuka barabara. Ndipo nilipouona mkasi wake mdogo wa kufumulia, umebaki kwenye kiti. Nikauchukua nikakimbilia mlangoni.

"Rudisha hapo," mama mdogo alisema.

"Nampelekea mara moja tu, hajafika mbali."

"Rudisha ulipoutoa. Akiuhitaji atakuja mwenyewe auombe."

Nikaurudisha kwenye kiti. Mama mdogo akachomeka ile diski ya sahani ili aweke nakala ya kazi ya leo, ikaanza kukoroma taratibu pale mezani. Akawasha mashine. Dirisha akaliacha wazi.